Laptopu Si Ile Uliyolipia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali haya huletwa na wanafunzi wa Maseno, Masinde Muliro na Egerton, walimu wa Siaya, wenye saiba za Nakuru, na wazazi wa Bungoma waliouza mahindi ili mtoto aingie chuo na mashine yake. Wengi huja wakiamini pesa imeshakwenda. Haijakwenda. Ukiambiwa laptopu ina kitu fulani, ukatoa pesa kwa ajili ya kitu hicho, kisha ukakikosa ndani, muuzaji ana deni lako. Kumwomba alilipe si kuomba msaada.

Nimefika nyumbani, nimewasha, nakuta RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni 4GB na niliambiwa 8GB. Nianze wapi?

Anza kwa kutoifanyia chochote. Usiipeleke kwa fundi wa mtaani aifungue, usibandue stika, usiweke programu zako wala kazi za shule. Muuzaji akipata mwanya wa kusema "wewe ndiye uliyetoa RAM", mazungumzo yatakuwa marefu bila sababu.

Kisha kusanya ushahidi siku hiyo hiyo. Piga picha ya skrini inayoonyesha kilichomo, na ya stika iliyo chini ya laptopu yenye namba ya utambulisho ya mashine (serial number). Hifadhi tangazo uliloliona na mazungumzo yote ya WhatsApp kabla hayajafutwa, kwa maana matangazo hutoweka haraka sana mteja anapoanza kulalamika. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Kama umeshaufuta, piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako. Weka risiti, chaja na boksi pamoja.

Mwisho, mwandikie muuzaji leo. Kumpigia simu ni sawa, lakini baada ya simu andika ujumbe unaorudia mliyozungumza. Simu haiachi alama.

Nitajuaje kwa uhakika kilicho ndani?

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, halafu ingia sehemu ya Performance. Utaona prosesa, kiasi cha RAM na nafasi ngapi za RAM zinatumika, aina ya diski (SSD ya kasi au HDD ya zamani), na grafiksi. Kwa watu wengi hiyo inatosha.

Haitoshi ukishuku udanganyifu wa makusudi. Jina la prosesa ambalo Windows hulionyesha limehifadhiwa kwenye rejista ya mfumo, na mtu anayejua anaweza kuliandika upya. Stika ya Core i7 nayo inaweza kubandikwa juu ya mashine yoyote. Kwa hiyo ingia kwenye BIOS, programu ya msingi ya mashine inayotangulia Windows, ambako Windows haina mkono: zima laptopu, iwashe, na papo hapo gonga F2 mara kadhaa kama ni Dell, F10 au Esc kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad. Ukurasa wa taarifa za mashine utakupa prosesa na RAM halisi. Programu ya bure ya CPU-Z pia huiuliza prosesa yenyewe badala ya kusoma rejista.

Mtego mmoja mzuri ni kulinganisha jina na idadi ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Core i5-8350U ina viini 4. Ukiona jina hilo huku Performance inakuambia viini ni 2, jina limechezewa.

Kwa Dell, chukua Service Tag ya herufi na tarakimu 7 iliyo chini ya mashine, uiingize kwenye tovuti ya Dell ya huduma kwa wateja. Utaona ilivyotoka kiwandani. Linganisha pia na ile iliyo ndani ya BIOS. Zikitofautiana, kifuniko au madabodi (bodi kuu ya ndani) imebadilishwa.

Diski niliambiwa 256GB, naona 238GB. Nimeibiwa?

Hapana. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na Windows huhesabu kwa 1,073,741,824. Ndiyo maana 256 huonekana 238, 500 huonekana 465, 512 huonekana 476, na 1TB huonekana 931. Vivyo hivyo RAM ya 8GB ikiandikwa kuwa 7.8 ndiyo inayotumika, kiasi kidogo kimetengwa kwa ajili ya grafiksi na vifaa vingine. Tafadhali usiende kugombana na mtu kwa hilo, kwa sababu ukishakosea kwenye dai la uongo, dai la kweli litasikilizwa kwa shaka.

Niliuziwa Core i7, mbona i5 ya mwenzangu inaiacha mbali?

Hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua, na ndipo ningependa usome polepole.

Neno i5 au i7 peke yake halisemi mengi. Cha kuangalia ni namba inayofuata. Kwenye i7-6600U, tarakimu ya kwanza, 6, ndiyo kizazi, yaani toleo la prosesa. Kwenye i5-8350U ni kizazi cha 8. Zikifika tarakimu tano au zikianza na 10, 11, 12, soma mbili za mwanzo: i5-1135G7 ni kizazi cha 11. Herufi U mwishoni ni prosesa ya kubana umeme, H ni ya nguvu zaidi.

Sasa angalia. Ile i7-6600U ina viini 2. Ile i5-8350U ina viini 4. Kwa kazi nyingi za siku hizi, kama kufungua kurasa nyingi za mtandao huku mkutano wa video unaendelea, i5 hiyo itaishinda i7 hiyo. Kwenye laptopu hizi nyembamba za ofisi, Intel iliongeza viini kutoka 2 hadi 4 ilipoingia kizazi cha 8, na kuruka huko ndiko kunakoleta tofauti ya bei madukani.

Kuna sababu nyingine, na ni nzito zaidi. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache za kabla ya hapo, na pia inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu akikuuzia kizazi cha 6 kwa jina la kizazi cha 8, amekuuzia pia mashine iliyo nje ya mfumo unaohudumiwa. Duka linaweza kuilazimisha Windows 11 iingie, na itawaka vizuri mbele yako, lakini Microsoft yenyewe haiahidi kuipa masasisho mashine ya namna hiyo.

Majina ya modeli husaidia kushuku mapema. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, G4 kwa kawaida ni ya 7, na G5 kwa kawaida ni ya 8 ingawa zipo chache za 7. ThinkPad T470 ni ya 6 au 7, T480 kwa kawaida ni ya 8. Dell Latitude 7480 ni ya 6 au 7, 7490 kwa kawaida huja na ya 8. Tangazo likisema "840 G3, kizazi cha 8", limejipinga lenyewe.

Tangazo lilisema "grafiksi 4GB". Mtoto anasomea usanifu majengo na programu zinakwama.

Fungua tena Performance, bofya GPU. Kuna mistari miwili ya kutazama: kumbukumbu maalumu ya grafiksi na kumbukumbu ya kushirikiana. Kama mashine ina Intel HD au UHD peke yake, hiyo 4GB ni sehemu ya RAM yako inayoazimwa tu. Kila laptopu yenye RAM ya 8GB huonyesha karibu 4GB ya kushirikiana, hata ikiwa haina kadi ya grafiksi kabisa.

Kuitangaza hivyo kwa mteja ambaye amesema wazi kwamba anahitaji mashine ya kuchorea ni kumpotosha. Kama ulimweleza muuzaji kazi utakayofanya, na maneno hayo yako kwenye WhatsApp, umesimama pazuri. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtambua mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara matumizi yake na kutegemea ujuzi wake.

Kipi kinaweza kurekebishwa papo hapo, na kipi lazima nibadilishiwe mashine nzima?

RAM na SSD hurekebishika kwa dakika chache kwenye laptopu nyingi za ofisi, kwa kuwa zina nafasi za kuchomeka. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 zina nafasi mbili za RAM kila moja. Lakini si zote. T480s ina RAM nyingine iliyochomelewa kwenye madabodi na nafasi moja tu ya kuongeza. EliteBook x360 1030 imechomelewa yote, na ukiuziwa ya 8GB badala ya 16GB hakuna fundi wa kukuongezea.

Prosesa za laptopu hizi zimechomelewa pia. Kwa hiyo kizazi kikiwa si chenyewe, usikubali neno "niachie, nitaibadilisha prosesa kesho". Watakachoweza kubadilisha ni madabodi, na madabodi iliyong'olewa kwenye mashine nyingine si kitu cha kupokea kwa bei uliyolipa. Dai mashine nyingine au pesa. Kadi ya grafiksi iko hivyo hivyo.

Skrini inaweza kubadilishwa. Ikiwa uliahidiwa 1920 kwa 1080 ukapewa 1366 kwa 768, sisitiza kazi ifanyike ukiwa umesimama hapo, kisha kagua kama kuna nukta zilizokufa.

Ukikubali kurekebishiwa, usiondoke kabla ya kuwasha na kuangalia tena, na badiliko liandikwe kwenye risiti kwa tarehe na mhuri.

Muuzaji amenionyesha bango: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Bango hilo halifuti sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, ni sharti la mkataba kwamba kifanane na maelezo hayo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudai kwamba bidhaa ina sifa au ubora isio nao, na inasema haki inazotoa hubaki hata kama mliwekeana makubaliano ya kuziacha. Nyuma ya hizo kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, taarifa anazohitaji, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro.

Bango linaweza kumzuia aliyebadilisha mawazo kwa sababu rangi haikumpendeza. Wewe hujabadilisha mawazo. Wewe unadai kile kile mlichokubaliana.

Anataka niongeze shilingi elfu tatu ndipo anipe yenye sifa nilizolipia.

Usiongeze.

Anasema ni ex-UK, yaani ilitumika Uingereza, na mashine iliyotumika haina waranti.

Kutumika hakubadilishi maelezo. Laptopu iliyotumika yenye RAM ya 8GB bado ni ya 8GB. Tofautisha mambo mawili: uchakavu na uongo. Mikwaruzo, herufi zilizofifia na kibodi ya Uingereza yenye alama ya pauni juu ya 3 ni mambo ya kawaida kwa ex-UK, na bei imeshayazingatia.

Betri iko katikati. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Kama uliahidiwa betri nzuri na sasa inashika chini ya nusu ya ule wa awali, una hoja. Kama hakuna aliyeitaja betri, zungumzeni kwa upole. Hapo mnatafuta mapatano.

Ukinunua kwa mtu binafsi, si duka, sharti la kufanana na maelezo bado linambana. Ulinzi wa ubora ndio unaopungua, kwa kuwa huo humhusu anayeuza kama biashara.

Nilinunua mtandaoni kutoka Nairobi, ikaja na basi hadi Kisumu.

Sheria ya 2012 ina sehemu ya mikataba ya intaneti: muuzaji anatakiwa akupe taarifa za bidhaa kabla ya kukubaliana, na nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha. Tangazo lake ndiyo taarifa hiyo, na linamfunga.

Kwenye ofisi ya vifurushi, rekodi video ukifungua boksi, kuanzia gundi haijakatwa hadi mashine inapowaka. Weka stakabadhi ya kutuma. Ukirudisha, tuma kwa njia inayotoa stakabadhi, andika namba ya utambulisho ya mashine juu yake, na kabla ya kutuma mwombe muuzaji akubali kwa maandishi kwamba atalipa gharama ya kurudisha. Kosa ni lake, na gharama ni sehemu ya hasara yako. Binafsi nashauri usitume mashine kabla ya kupata jibu la maandishi. Usibaki bila pesa na bila laptopu.

Usijaribu kuvuta pesa kwa kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye 456. Huduma hiyo ni ya aliyekosea namba, na wewe hukukosea namba.

Nimwandikie nini?

Kwa heshima, kwa ufupi, na kwa tarehe ya mwisho. Mfano:

"Habari yako, ndugu. Tarehe 3 mwezi huu nilinunua kwako laptopu HP EliteBook 840 uliyoieleza kuwa ya kizazi cha 8, RAM 8GB na SSD 256GB, kwa shilingi 30,000. Malipo nilifanya kwa M-Pesa na ujumbe ninao. Nilipoiwasha nimekuta prosesa ni i5-6300U na RAM ni 4GB. Picha ziko hapa chini pamoja na tangazo lako. Naomba unibadilishie kwa ile tuliyokubaliana, au unirudishie pesa yote, kufikia Ijumaa tarehe 13 saa kumi jioni. Mashine iko salama na haijafunguliwa. Asante."

Usitishie, usitukane, usimwanike kwenye vikundi vya Facebook kabla ya kumpa nafasi. Wauzaji wengi wa Oginga Odinga Street Kisumu na Kenyatta Avenue Nakuru wamenunua mzigo kwa jumla Luthuli Avenue, Nairobi, bila kuukagua, na wakipata ujumbe ulio wazi hivi hubadilisha bila vita. Mpe mwenzako nafasi ya kufanya haki.

Tarehe imepita, kimya. Sasa niende wapi?

Kwanza jua unamdai nani. Angalia jina lililotokea kwenye M-Pesa ulipolipa kwa till, na kama ulipewa risiti ya eTIMS (risiti ya kielektroniki ya kodi), ina jina la biashara na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato. Kwa ada ndogo, unaweza kutafuta wamiliki wa biashara iliyosajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Njia ya kwanza ni kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010 hushughulikia maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Inafaa hasa duka linapofanya hivyo kwa wateja wengi.

Njia inayokufaa zaidi kupata pesa yako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kwa hiyo hakuna laptopu ya kawaida itakayovuka kiwango. Huhitaji wakili, unaweza kujisimamia mwenyewe. Kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na mahakama haibanwi sana na kanuni kali za ushahidi, ndiyo maana picha zako na WhatsApp vina thamani kubwa. Kisumu na Nakuru zote zina mahakama hizi. Dai bei ya laptopu, nauli ya kifurushi na gharama za kesi.

Polisi ni kwa ajili ya ulaghai wa wazi: duka limefungwa, namba imezimwa, jina lilikuwa la uongo. Kupata mali kwa kudanganya ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Andikisha ripoti na uchukue namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Ila muuzaji akiwa bado yuko dukani mnabishana juu ya RAM, polisi hawatakukusanyia deni.

Miezi minne imepita tangu ninunue. Nimechelewa?

Kwa kurudisha mashine, huenda. Aliyekaa na kitu kwa muda mrefu akikitumia bila kulalamika huhesabiwa amekipokea. Lakini haki ya kudai fidia, yaani tofauti ya thamani kati ya ulichoahidiwa na ulichopewa, haipotei kwa sababu hiyo. Madai ya mkataba Kenya yana muda wa miaka 6. Andika leo, usingoje mwezi mwingine upite.

Niliipeleka kutengenezwa ikiwa na RAM ya 8GB, imerudi na 4GB.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kumwachia fundi yeyote, piga picha ya Performance ikionyesha RAM na diski, na mwombe aandike kwenye karatasi ya kupokea: modeli, namba ya utambulisho, RAM, diski. Fundi mwaminifu ataifurahia karatasi hiyo, maana inamlinda na yeye. Bila karatasi, tafuta ushahidi wa zamani: risiti ya kununulia, au picha ya skrini uliyowahi kumtumia rafiki.

Nimekubaliwa kubadilishiwa. Nifanye nini na data zangu, na hiyo nyingine niikague vipi?

Kwenye ile unayorudisha, nakili kazi zako kwenye flashi, toka kwenye akaunti ya Google na ya Microsoft, kisha irudishe kwenye hali ya mwanzo kupitia mipangilio ya Windows. Picha za ushahidi ziwe zimeshahifadhiwa kwenye simu.

Kwenye ile unayopokea, rudia ukaguzi wote hapo juu, BIOS ikiwemo. BIOS ikidai nenosiri ambalo duka halina, ikatae. Halafu mwombe muuzaji airudishe kwenye hali ya mwanzo na muunganishe intaneti wakati wa kuiandaa upya. Mashine nyingi za ex-UK zilikuwa za makampuni, na nyingine bado zimesajiliwa huko. Zikiunganishwa baada ya kufutwa, hudai uingie kwa barua pepe ya kampuni hiyo. Kufuta tena hakuondoi usajili huo. Ukiona skrini ya namna hiyo, iache hapo hapo kaunta, uombe nyingine au pesa yako. Ukipata iliyo sawa, risiti iandikwe upya yote: modeli, namba kamili ya prosesa, RAM, aina na ukubwa wa diski, namba ya utambulisho, muda wa waranti, na maneno "imebadilishwa badala ya" yakifuatwa na namba ya ile ya kwanza.